Kwenda Longyearbyen: moja kwa moja kutoka Oslo, kupitia Tromsø, au kulala Tromsø kwanza?

Longyearbyen, makao makuu ya Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo katika Bahari ya Aktiki, haifikiki kwa barabara, na hakuna feri ya ratiba inayokwenda huko. Msafiri wa kawaida hupanda ndege kutoka Norway bara, na mbele yake kuna njia tatu: aruke kutoka Oslo moja kwa moja, apitie Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norway bara, siku hiyohiyo, au alale Tromsø usiku mmoja au zaidi kisha aendelee. SAS na Norwegian ndiyo mashirika yenye ndege za abiria za kawaida kwenda huko. Tovuti za kutafuta tiketi huzimwaga safari zote kwenye orodha moja na kuzipanga kwa bei. Hapo ndipo watu hukwama, kwa sababu bei haikuonyeshi foleni ya pasipoti utaikuta wapi, begi lako litashukia wapi, wala utalala wapi ukungu ukifunga kiwanja.

Lijue hili mapema: kwa kilomita, njia hizi karibu ziko sawa. Kupitia Tromsø huongeza kilomita kama 60 tu kwenye safari inayozidi 2,000. Saa zinazoongezeka hutoka ardhini: kutua, kushuka, kukaguliwa, kusubiri. Kwa hiyo anayechagua kwa kutazama ramani peke yake anapima kitu kisichomsaidia sana.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia hapa chini imepimwa kwa mambo yaleyale: muda halisi tangu ndege ya kwanza iondoke hadi utue Longyearbyen, pasipoti na viza, begi linalokwenda chini ya ndege, kinachotokea hali ya hewa ikiharibika, na gharama zisizoandikwa kwenye tiketi. Bei za tiketi zenyewe tumeziacha, kwa kuwa hupanda na kushuka kwa wiki, na bei ya leo haitakufaa utakapoketi kununua.

Umbali kwanza, kwa sababu ramani hudanganya

Chukua ramani ya dunia ya ukutani, ile ambayo Greenland inaonekana kubwa kama Afrika. Ukipima kwa rula kati ya Tromsø na Longyearbyen kwa kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya ikweta, utapata kilomita kama 3,500. Umbali wa kweli ni kama 960. Ramani za namna hiyo huvuta kila kitu kadiri unavyokaribia ncha ya dunia, na Svalbard ni miongoni mwa sehemu zinazovutwa vibaya zaidi.

Hesabu unaweza kuifanya mwenyewe. Uwanja wa Tromsø uko latitudo 69.68 kaskazini na longitudo 18.92 mashariki. Wa Longyearbyen uko 78.25 kaskazini na 15.47 mashariki. Tofauti ya latitudo ni digrii 8.57, huko juu digrii moja ni kama kilomita 111.5, kwa hiyo unapanda kaskazini kilomita 955. Tofauti ya longitudo ni digrii 3.45. Kwenye ikweta hizo zingekuwa kilomita 384, lakini mistari ya longitudo hubanana kuelekea ncha, na katikati ya safari hii digrii moja ina kilomita 30 hivi tu. Unasogea magharibi kama kilomita 103. Zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili: kilomita 960, au maili za baharini kama 518. Tazama jinsi zile 103 za pembeni zilivyoongeza kilomita tano tu kwenye jumla. Ndiyo sababu Tromsø, ingawa iko mashariki ya mstari wa Oslo–Longyearbyen, haikupotezi njia kwa kiasi cha maana.

Kwa msomaji wa Tanzania, kipande hicho ni kirefu kidogo kuliko Dar es Salaam–Mwanza na kifupi kidogo kuliko Dar es Salaam–Bukoba kwa ndege.

Kupata muda, gawanya kilomita kwa 830, ambayo ni kasi ya kawaida ya ndege aina ya Boeing 737 au Airbus A320 ikishatulia juu, kisha ongeza dakika 30 za kupaa, kushuka na kutembea kwenye lami. Kanuni hiyo hutoa matokeo yanayokaribiana sana na ratiba:

| Kipande | Umbali (km) | Muda |
|---|---|---|
| Oslo – Longyearbyen | 2,020 | saa 2 dakika 55 |
| Oslo – Tromsø | 1,120 | saa 1 dakika 50 |
| Tromsø – Longyearbyen | 960 | saa 1 dakika 40 |

Upepo? Athari yake si kubwa kama watu wanavyodhani. Safari hizi huelekea kaskazini na kusini, ilhali pepo kali za juu katika eneo hilo mara nyingi huvuma kutoka magharibi na kuipiga ndege ubavuni. Hata ukikutana na upepo wa mbele wa kilomita 50 kwa saa safari nzima, utaongeza dakika tano kutoka Tromsø na kama kumi kutoka Oslo. Kinachokula muda zaidi wakati wa baridi ni kunyunyizia mabawa dawa ya kuondoa barafu kabla ya kupaa. Ndege inayopitia Tromsø inaweza kunyunyiziwa mara mbili.

Tahadhari ndogo ya saa. Tiketi huandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 20:35 ni saa mbili na dakika thelathini na tano usiku. Svalbard hutumia saa zilezile za Oslo, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi. Baadhi ya ndege hufika Longyearbyen usiku wa manane, na hapo ni rahisi kukosea tarehe ya kuweka chumba: ndege inayoondoka Oslo tarehe 10 jioni ikatua 00:40 imefika tarehe 11, lakini chumba unakihitaji kuanzia usiku wa tarehe 10.

Viza: jambo linalozigusa njia zote tatu

Hapa ndipo safari nyingi za watu wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo huvunjikia, na kosa lenyewe hufanyika miezi kabla ya safari, kwenye fomu ya maombi.

Svalbard iko chini ya Norway kwa Mkataba wa Svalbard uliotiwa saini mwaka 1920, lakini haimo ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja na zisizokagua pasipoti kati yao. Norway haidai viza kwa ajili ya kukanyaga Svalbard. Habari hiyo husambaa sana mitandaoni, na nusu yake ya pili hukatwa: hufiki Svalbard bila kupita Norway bara, na huko viza ya Schengen inahitajika. Halafu unapopanda ndege ya Longyearbyen unahesabiwa umetoka Schengen, na unaporudi unaingia upya.

Fuata mfano huu. Unatoka Nairobi kupitia Amsterdam: unaingia Schengen Amsterdam, na hiyo ni mara ya kwanza. Unafika Oslo bila kukaguliwa tena. Unaruka kwenda Longyearbyen: umetoka. Siku sita baadaye unarudi Oslo: unaingia mara ya pili. Mwenye viza ya kuingia mara moja hana haki ya kuingia hiyo mara ya pili, na tiketi ya kurudi Nairobi mkononi haimpi haki hiyo. Kwa hiyo omba viza ya kuingia mara mbili au mara nyingi, na kwenye barua ya safari eleza wazi kwamba unakwenda Svalbard na kurudi. Viza ikitoka, soma sehemu ya idadi ya kuingia kabla hujaondoka kaunta: 1, 2 au MULT.

Siku unazokaa Svalbard hazihesabiwi ndani ya zile siku 90 ambazo mgeni huruhusiwa kukaa Schengen. Ila usizibanie siku za viza kiasi kwamba ndege ikiahirishwa siku mbili viza inakwisha ukiwa bado kisiwani.

Mwenye kibali cha ukaaji cha nchi ya Schengen, kwa mfano Mtanzania anayeishi Ujerumani au Sweden, hutoka na kurudi kwa kibali hicho pamoja na pasipoti. Anayeishi Uingereza au Oman kwa pasipoti ya Afrika Mashariki bado anahitaji viza. Kibali cha Uingereza au cha nchi ya Ghuba hakimsaidii hapa.

Na bima. Viza ya Schengen hudai bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000, lakini sera nyingine huandikwa "nchi za Schengen" tu. Hakikisha yako inataja Svalbard, pamoja na uokoaji na kusafirishwa mgonjwa. Hospitali ya Longyearbyen ni ndogo, na mgonjwa mahututi hupelekwa Tromsø kwa ndege.

Njia ya kwanza: Oslo – Longyearbyen bila kutua

*Muda.* Karibu saa tatu. Hakuna njia fupi zaidi kwa anayeanzia Oslo.

*Pasipoti.* Ukaguzi wa kutoka Schengen hufanyika Oslo, kabla ya kufika geti. Abiria aliyeshuka kutoka mji mwingine wa Schengen hudhani ndege ya Svalbard ni ya ndani kwa vile ni Norway hadi Norway, akaketi upande wa ndege za ndani hadi jina lake likaitwa. Ukifika ukumbini tazama geti kwenye ubao, kisha uende moja kwa moja kwenye pasipoti hata kama bado una saa nzima. Mfumo wa kielektroniki wa kurekodi kuingia na kutoka Schengen, ulioanza Oktoba 2025 na kuingizwa hatua kwa hatua, unaweza kurefusha foleni kwa asiye raia wa Ulaya.

*Begi.* Rahisi kuliko njia zote kama umenunua tiketi moja kutoka mwanzo. Kaunta ya kwanza, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Muscat, tazama herufi tatu za kituo cha mwisho kwenye lebo. Zikiwa LYR, begi limepangiwa kufika Longyearbyen. Zikiwa OSL, utalichukua Oslo, utapita forodha na kulikabidhi tena. Hata likiwa na LYR, uliza kama forodha ya Norway itakutaka ulichukue Oslo; jibu hutegemea shirika na ulikotoka. Wakati wa kurudi swali hilohilo linarudi, kwa sababu Svalbard iko nje ya eneo la forodha la Norway na bidhaa za huko huuzwa bila ushuru.

*Hali ya hewa ikiharibika.* Hii ndiyo sehemu ambayo wauza tiketi hawaigusi. Svalbard hakuna kiwanja kingine cha kupokea ndege kubwa. Ny-Ålesund, makazi madogo ya watafiti huko Svalbard, ina njia ya changarawe ya mita 808, inayotosha ndege ndogo za propela. Kwa hiyo ndege ya abiria inayokwenda Longyearbyen lazima ibebe mafuta ya kufika, kuzunguka kidogo, kisha kurudi bara, yaani kama kilomita 960 nyingine. Ukungu ukikaa juu ya njia ya kurukia, au upepo wa pembeni ukizidi kipimo, rubani hujaribu mara moja au mbili kisha hugeuza. Abiria wa Oslo anaweza kuruka saa tatu, akageuzwa, na baada ya saa nne na nusu au tano akajikuta Tromsø, mji ambao hakuupangia. Kwa rekodi za mpakani ameshatoka Schengen, kwa hiyo asitoke ukumbini bila kuongea na polisi wa pasipoti.

*Gharama za pembeni.* Chache. Ila ndege za usiku humlipisha mtu usiku mzima wa hoteli kwa saa chache za kulala.

*Inamfaa* mwenye siku chache, mwenye begi kubwa la vifaa, familia yenye mtoto mdogo, na yeyote ambaye tiketi yake ya kimataifa inaishia Oslo hata hivyo.

Njia ya pili: Oslo – Tromsø – Longyearbyen siku hiyohiyo, tiketi moja

*Muda.* Saa 3 na dakika 30 za ndege, na ukiongeza kama saa moja ya chini, unafikia saa nne na nusu. Unapoteza saa moja na nusu ukilinganisha na njia ya kwanza. Kuna ratiba zinazokuacha Tromsø saa tano au sita. Hizo zihesabu kama safari nyingine kabisa, na ukiwa na viza unaweza kuzitumia kwenda mjini, kwa kuwa uwanja uko kwenye kisiwa kilekile na basi huchukua kama dakika 15.

*Pasipoti.* Ukaguzi unahamia Tromsø. Hata kama ni ndege ileile inayoendelea na kiti ni kilekile, abiria wote hushuka na mizigo yao ya mkononi, hupita polisi, kisha hupanda tena. Usiache koti wala kompyuta kwenye kiti. Njia hii ina faida moja isiyosemwa: abiria wanaokaguliwa ni wa ndege moja au mbili, si umati wa uwanja mkubwa. Hasara yake ni kwamba ndege ikichelewa kutoka Oslo kwa dakika 40 na inayofuata ni ndege nyingine, pumzi yako yote iko kwenye foleni hiyo.

*Begi.* Kwenda, kwa kawaida huendelea lenyewe likiwa na lebo ya LYR. Kurudi, uliza kaunta ya Longyearbyen kwa maneno haya hasa: "Nalichukua Tromsø kwa forodha, au linakwenda hadi mwisho?" Ukiambiwa ulichukue, ongeza angalau nusu saa kwenye hesabu yako, na uchague ratiba yenye nafasi.

*Hali ya hewa ikiharibika.* Sasa una viwanja viwili vinavyoweza kugoma. Tromsø hufungwa kwa muda mfupi kuondoa theluji njiani, na wakati wa dhoruba ndege huchelewa kwa mfululizo. Kwa upande mwingine, Longyearbyen ikifungwa kabla hujaondoka Tromsø, utasubiria Tromsø, penye hoteli nyingi na ndege nyingi, badala ya kuruka saa tatu bure. Na kwa kuwa tiketi ni moja, shirika ndilo linalowajibika kukutafutia ndege nyingine.

*Gharama za pembeni.* Chakula cha uwanjani, basi. Mara nyingine tiketi hii ni nafuu kuliko ya moja kwa moja, mara nyingine ni kinyume. Usidhani kwamba ndege yenye kituo lazima iwe rahisi.

*Inamfaa* anayekuta ndege za moja kwa moja zimejaa au zinatua usiku wa manane naye anataka kufika mchana, na anayeogopa foleni kubwa za Oslo. Anayetaka kuona kitu njiani pia: ukikaa dirisha la kulia unapokwenda kaskazini, karibu katikati ya safari ndege hupita magharibi ya kisiwa cha Bjørnøya. Mawingu huko ni mengi, kwa hiyo usinunue tiketi kwa ajili hiyo peke yake.

Njia ya tatu: kulala Tromsø, kisha kuruka saa moja na dakika arobaini

*Muda.* Kwa saa, ni ndefu kuliko zote. Kwa uchovu, ni fupi kuliko zote, maana siku ya Svalbard unaamka karibu na uwanja na unaruka kilomita 960 tu. Msafiri aliyetoka Mombasa au Kigali na kubadilisha ndege mara mbili ataielewa hesabu hiyo. Tena wakati wa baridi Tromsø hupokea ndege za moja kwa moja kutoka miji kadhaa ya Ulaya. Ukiwa unatokea mojawapo ya miji hiyo, kushuka hadi Oslo kisha kupanda tena kaskazini ni kurudia njia bila sababu.

*Pasipoti.* Unatoka Schengen Tromsø, siku umelala vizuri. Usiku wa Tromsø unahesabiwa ndani ya siku zako za Schengen.

*Begi.* Unalichukua Tromsø kwa vyovyote na kulikabidhi tena kesho yake. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali, soma masharti ya uzito ya kila moja: ndege ya kimataifa inaweza kukupa mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, na tiketi nafuu ya kwenda Longyearbyen ikakupa begi la mkononi tu. Viatu vya theluji, koti zito na nguo za ndani za sufu hujaza kilo haraka. Vaa vizito zaidi safarini.

*Hali ya hewa ikiharibika.* Ndege ikighairiwa uko mjini penye vyumba na maduka. Ikigeuzwa angani inarudi palepale ulipotoka. Umepoteza saa tatu na zaidi za kuruka, lakini mji unaujua. Tatizo liko kwenye tiketi mbili tofauti: ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halidaiwi kukungoja wala kukubadilishia, na hapo ndipo usiku wa Tromsø unapokulinda. Wanaonunua tiketi mbalimbali na kuunganisha kwa saa mbili siku hiyohiyo wamechukua hatari ya njia ya tatu bila kinga yake. Hao ndio tunaowaonea huruma zaidi.

*Gharama za pembeni.* Hoteli, na Tromsø si mji wa bei rahisi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi watu wanapofuata mianga ya kaskazini. Weka chumba kabla ya kununua tiketi, si baada.

*Inamfaa* mwenye wiki moja au zaidi, mzee au mgonjwa anayehitaji kupumzika, anayetoka mji wenye ndege ya moja kwa moja hadi Tromsø, na anayetaka kuona maeneo mawili ya kaskazini kwa viza moja.

Vipi meli?

Kiangazi zipo meli za kitalii zinazopanda hadi Svalbard. Maili 518 za baharini kwa mwendo wa noti 15, yaani maili 15 za baharini kwa saa, ni kama saa 35, na njia ya meli kuingia ghuba ya Isfjorden ni ndefu kidogo kuliko mstari wa ndege, kwa hiyo hesabu siku moja na nusu hadi mbili bila kusimama. Nyingi husimama. Hiyo ni likizo ya baharini, si usafiri, na haibadilishi sharti la viza.

Ukifika

Kutoka uwanja wa Longyearbyen hadi mjini ni kilomita tano hivi, na basi la uwanjani hupangwa kufuata kutua kwa ndege, hata usiku. Usitembee kwa miguu ukiwa mgeni: nje ya makazi kuna hatari ya dubu weupe. Mlimani juu ya uwanja utaona mlango mwembamba wa zege wa Ghala la Mbegu la Dunia, lililofunguliwa tarehe 26 Februari 2008. Wangari Maathai alikuwepo siku hiyo pamoja na Jens Stoltenberg, Waziri Mkuu wa Norway wakati huo, kuweka mbegu za kwanza.

Jua pia hubadilisha maana ya "kufika mchana". Longyearbyen, kuanzia kama tarehe 20 Aprili hadi karibu tarehe 22 Agosti, halizami, kwa hiyo kutua saa sita usiku ni kutua kwenye mwanga. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari halichomozi kabisa, na katikati ya kipindi hicho ndege ya adhuhuri inatua gizani kama ya usiku.

Kwa hali yako

Una siku nne jumla na tiketi ya kimataifa inaishia Oslo: chukua ya moja kwa moja, hata ikizidi bei kidogo. Saa moja na nusu kwenda na nyingine kurudi ni saa tatu za muda wako kisiwani.

Unakwenda kusoma au kufanya utafiti kwenye UNIS, chuo kikuu kilichoko Longyearbyen, na una mabegi mawili makubwa: tiketi moja kutoka mwanzo hadi LYR, iwe ya moja kwa moja au kupitia Tromsø. Namba ya lebo ipige picha.

Unasafiri Julai au Agosti, msimu wa ukungu wa bahari: njia yoyote itafaa mradi safari ya kurudi isibanwe. Acha usiku mmoja Oslo kabla ya ndege ya kwenda Afrika Mashariki au Ghuba, na mbili kama tiketi zimenunuliwa mbalimbali.

Unasafiri Desemba hadi Machi kutoka mji wa Ulaya wenye ndege ya Tromsø: lala Tromsø. Hapo njia ya tatu huwa fupi kwa kilomita na kwa foleni.

Una viza ya kuingia mara moja tayari mkononi: usinunue tiketi yoyote kati ya hizi. Andikia ubalozi uliokupa uombe viza mpya ya kuingia mara mbili, au ubaki Norway bara. Tromsø yenyewe iko kilomita kama 350 kaskazini ya Mzingo wa Aktiki, na huko viza yako inatosha.